Farasi mchovu si lazima awe na upungufu wa chuma

Mhariri,

Farasi akionekana mchovu, wengi hukimbilia dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Farasi mzima wa kilo 500 anahitaji takribani miligramu 400 za chuma kwa siku, na nyasi peke yake kwa kawaida humpa zaidi ya hapo. Kinachozidi mwili hauna njia ya kukitoa, hivyo hujikusanya kwenye ini. Mtoto wa farasi aliyezaliwa karibuni anaweza hata kufa akinyweshwa chuma.

Damu ikipungua, tafuteni kwanza minyoo, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa muda mrefu. Na kipimo kichukuliwe mnyama akiwa ametulia: akishtuka tu, bandama humwaga chembe nyekundu za akiba, majibu yakapendeza kuliko hali yenyewe.

Kitunguu saumu nacho, kinachosifiwa sana kwa kinga, kikilishwa kwa wingi kila siku huharibu chembe hizohizo.

Upungufu wa kweli mara nyingi ni wa vitamini E, ambayo hupotea nyasi zinapokaushwa. Asiyepata majani mabichi apewe yuniti za kimataifa (IU) 500 hadi 1,000 za vitamini hiyo kwa siku, zikichanganywa na mafuta kidogo ya kula. Seleniamu, madini mengine ya lishe, inataka uangalifu zaidi: miligramu 1 hadi 3 kwa siku zinatosha. Ukichanganya bidhaa mbili zenye madini hayo bila kusoma lebo, singa za shingo na mkia hunyonyoka, kwato zikapasuka.

Madaktari wa mifugo