Gitaa la Baba Lisiuzwe

Lisbon, usiku

Mama, shikamoo.

Pesa ya paa nimetuma leo asubuhi, yote, kwa namba ya Dada. Huku kazi ipo, baridi ipo, tuyaache hayo.

Kilichonitoa machozi ni habari ya gitaa la marehemu Baba. Ati Kaka keshapata mteja! Na eti mimi sina usemi kwa kuwa nazurura duniani nikifuata ngoma. Basi mwambie nilichokifuata.

Kule Nigeria nilikaa na wapigaji wa dùndún, ngoma ya Wayoruba iliyominywa kiunoni. Mpigaji huibana kwapani. Akizikaza kamba za ngozi sauti hupanda, akizilegeza hushuka, na mkono wa pili unapiga kwa mkwiro uliopinda. Na ngoma ile husema, Mama! Lugha yao ina toni tatu: ọkọ kwa sauti ya katikati ni mume, ukiipandisha mwishoni ni jembe, ukiishusha ni gari. Kwa kuwa ngoma haitamki herufi, mpigaji halitupi neno peke yake, hulizungushia msemo mzima ili msikilizaji asipotee. Siku ya tisa mzee mmoja alipiga msemo akanitazama, nami nikautamka wote bila kukosea. Walisimama kunishangilia. Mimi mgeni, Mama, mgeni kabisa!

Hapo ndipo Baba aliponijia. Kiswahili chetu hakina toni, lakini silabi ya pili kutoka mwisho ina mkazo, na yeye aliukamata mkazo huo kwa uzi mnene wa gitaa akatuita mmoja mmoja. Jina langu lilikuwa noti tatu, ya kati ndefu. La Kaka lilikuwa nne, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitika. Amesahau?

Baadaye nilifika La Gomera, kisiwa cha Hispania ambako watu huzungumza kwa mluzi ng'ambo ya korongo. Tangu 1999 mluzi huo ni somo shuleni. Nilisimama ukingoni, kidole mdomoni, nikapiga noti zangu tatu. Mlima ukanirudishia. Nilikaa chini nikalia, nisikufiche.

Hapa usiku nasikiliza fado, nyimbo za huzuni za Kireno. Taa hupunguzwa na hakuna anayethubutu kuongea. Gitaa lao la Kireno lina nyuzi 12. La Baba limebakiwa na nne, na bado silibadilishi na lolote nililoliona.

Kama Kaka ana shida ya pesa, aniambie mimi, nitampa kile alichoahidiwa na mteja. Lakini gitaa lisivuke mlango. Mama, mwambie Dada azilegeze nyuzi zilizobaki, zisije zikaivuta shingo ikapinda. Alifunike kwa khanga yako, asiliegemeze ukutani. Mvua zikianza, ukuta ule wa chumba cha Baba hulowa.

Mwanao