Hedifoni zilizofungwa, na kwa nini wenye nazo hawakubaliani

Tanga

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Orodha yako ya hedifoni nne (Focal Stellia, Dan Clark Audio E3, Sennheiser HD 820 na Sony MDR-Z1R) imefika, pamoja na lundo la sifa ulilolikusanya kwa walionazo. Unauliza inakuwaje watu wawili wanunue hedifoni ile ile kwa maelfu ya dola, mmoja aseme besi inamtikisa kifua, mwenzake aseme besi haipo. Wote wawili wanasema kweli. Hedifoni iliyofungwa nyuma ni chumba kidogo cha hewa: ukuta mmoja ni kikombe, ukuta wa pili ni kichwa cha mvaaji. Kichwa kikibadilika, chumba kimebadilika, na sauti nayo. Kwa hiyo sitaanza na Stellia wala E3. Naanza na wewe, maana unavaa miwani na mtandio, na wengi wa waliotoa sifa zile hawavai hata kimoja.

Besi ya chini, tuseme hezi 30 (mitetemo 30 kwa sekunde), inategemea hewa iliyobanwa kati ya utando wa draiva, kile kispika kidogo cha ndani ya kikombe, na ngoma ya sikio. Mkono wa miwani ukipita chini ya pedi unaacha mwanya, hewa inavujia hapo, na besi inaondoka nayo. Sauti za juu haziguswi na mwanya huo, ndiyo maana mtu hasikii kwamba kuna kitu kimeharibika. Anasikia tu kwamba hedifoni ni "nyembamba", akaenda kuandika hivyo. Mkono mwembamba wa waya, milimita 1 hivi, pedi laini inaumeza. Wa plastiki wa milimita 4 hauumezeki. Mtandio ni mbaya zaidi, kwa sababu kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili kinapitisha hewa mzunguko mzima wa pedi. Dawa yake ni kuvaa hedifoni kwanza, pedi ikae juu ya ngozi, halafu ndipo uuteremshe mtandio juu ya vikombe. Ukisuka nywele, angalia mistari inayopita chini ya pedi nyuma ya sikio. Kila mfereji ni njia ya hewa. Hereni ndefu zivue.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Pata programu ya kutoa mlio mmoja, anza na hezi 100 kwa sauti ya chini, shuka polepole mpaka 20. Kwa hedifoni iliyoziba vizuri mlio unafifia taratibu, na kwenye 30 bado unausikia au unauhisi. Kisha rudi hezi 40, weka viganja juu ya vikombe, bonyeza kidogo sana. Besi ikipanda, kuna uvujaji. Bonyeza upande mmoja mmoja ujue ni upi. Mara nyingi ni chini ya sikio, nyuma ya taya, ambapo fuvu linaingia ndani na pedi haifuati. Refusha ukanda wa kichwani hatua moja au mbili ili vikombe vishuke, maana hedifoni iliyokaa juu mno huacha wazi pale pale. Ukimaliza hapo, ndipo maoni yako juu ya besi yatakuwa na thamani.

Sasa hizo nne.

Focal Stellia, ya Ufaransa, ya mwaka 2019. Utando wake ni kuba la metali ya berili la milimita 40 lenye umbo la herufi M, ukinzani wa umeme omu 35, usikivu (yaani sauti unayopata kwa umeme kidogo) desibeli 106 kwa miliwati 1, uzito gramu 435. Wenye nayo wanakubaliana kuhusu jambo moja: kishindo. Dumbaki likipigwa, unasikia ngozi ya ngoma ikianza na kukoma, wala hakuna mkia unaoburuta. Sauti ya mwimbaji iko karibu, karibu kuliko wengine wanavyopenda. Ugomvi wao uko kwenye trebo, yaani sauti za juu. Wengine wanaiita safi, wengine inawachosha baada ya saa moja. Mimi nawaelewa wa pili, hasa kwa muziki wetu. Taishokoto ina nyuzi za chuma zinazolia juu juu, na fidla nne au tano za taarab zikipanda pamoja, hedifoni yenye nguvu huko juu inakufanya upunguze sauti kabla wimbo haujafika kati. Jukwaa lake, yaani nafasi unayohisi vyombo vimetandazwa, pia si pana. Vyombo vimepangwa sawasawa lakini vimekaa kichwani mwako. Jambo moja la kuangalia kwa hedifoni yoyote iliyoziba kweli kweli na yenye utando mwepesi: usiivae kwa kuibamiza. Hewa iliyonaswa inasukuma utando, na mlio mdogo wa mkwaruzo unaousikia wakati huo ni utando ukijikunja. Fungua vikombe kwa mikono miwili, tua pedi ya chini kwanza, halafu ya juu.

Dan Clark Audio E3 ni kitu kingine kabisa. Inatoka San Diego, Marekani, kwa watu wale wale waliokuwa wakijiita MrSpeakers mpaka 2019. Ilitoka 2023 kwa dola 2,000 hivi, na imebeba ufundi wa hedifoni yao kubwa, Stealth, ya 2021. Draiva ni ya planari: utando bapa wenye nyaya nyembamba juu yake, kati ya sumaku. Mbele ya utando huo, upande wa sikio, wameweka sahani yenye vijitundu na mifereji ya urefu mbalimbali, na kila mfereji unameza sehemu yake ya masafa, yaani ya viwango vya mitetemo ya sauti. Kazi yake ni kuua mawimbi yanayorudi na kugongana ndani ya kikombe, ambayo ndiyo ugonjwa wa kuzaliwa nao wa hedifoni zilizofungwa. Katika hedifoni iliyo wazi sauti ya nyuma inatoka nje na kupotea. Katika iliyofungwa inarudi, ikichelewa kidogo, na pale inapokutana na ya mbele inazidisha masafa fulani na kufuta mengine. Ndiyo ile sauti watu wanayoiita "ya ndani ya mtungi". E3 ina kidogo sana ya hiyo. Besi inashuka moja kwa moja bila kuvimba, trebo haichomi, ganuni inasikika uzi kwa uzi na mwimbaji anabaki mahali pake. Lalamiko la wenye nayo ni kwamba haina kishindo cha Stellia: ngoma ipo, ukubwa wake upo, lakini pigo halikusukumi. Ni kweli. Anayetoka kwenye Focal ataiona imepoa siku za kwanza.

Kwa E3 kuna sharti la umeme, na hapa ndipo wengi wanaharibikiwa. Ni omu 27, lakini usikivu wake ni takriban desibeli 90 tu kwa miliwati 1. Piga hesabu. Kilele cha desibeli 110 kinataka miliwati 100, yaani volti 1.6 na mkondo wa miliampia 60 hivi. Kile kidude kidogo cha USB-C unachochomeka kwenye simu, cha volti 1, kinaishia kwenye miliwati 37 endapo kinamudu mkondo wenyewe, na vingi havimudu: vinakata vilele, na besi inakuwa laini kama mkate uliolowa. Mwenye kidude hicho ndiye atakayekuambia E3 haina uhai. Stellia kwa volti hiyo hiyo 1 inapata miliwati 29 hivi na inavuka desibeli 120, kwa hiyo inatosheka na simu. Kwa maana nyingine, bei ya E3 si bei ya E3. Ongeza amplifaya ya mezani inayotoa walau nusu wati kwenye omu 32.

Sennheiser HD 820, ya 2018. Mgongo wake ni kioo, Gorilla Glass, kilichopindwa ili sauti ya nyuma ielekezwe kwenye vifyonzi badala ya kurudi kwenye utando. Omu 300, gramu 360, na kichwani ndiyo nyepesi kuliko hizo tatu nyingine zote. Jukwaa lake ni pana ajabu kwa hedifoni iliyofungwa, sifa inayostahili. Tatizo liko karibu na hezi 300: kuna bonde hapo, na chini yake, kuelekea 100, kuna kilima. Sasa fikiria udi. Mwili wa udi, ule ujazo wa mbao, unaishi humo humo bondeni. Sauti ya mwanamume nayo inapoteza kifua chake huku besi ya nyuma yake ikivimba. Ukiipenda kwa wepesi wake, tumia kisawazishi, programu ya kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti: ongeza desibeli 3 au 4 kwenye hezi 300, Q (kipimo cha upana wa sehemu hiyo) ya 1, na upunguze sauti ya jumla kwa kiasi hicho hicho ili isikatike. Kwa miwani umbo la besi linabadilika tena, kwa hiyo sifa za mtu asiyevaa miwani hazikusaidii hapa hata kidogo.

Sony MDR-Z1R ya 2016, nitasema machache. Draiva ya milimita 70, besi yenye joto na upana, starehe kubwa kichwani. Lakini kikombe chake kinapumua. Sony walikijenga hivyo kwa makusudi kwa malighafi ya nyuzi za karatasi, kwa hiyo kelele za nje zinaingia kuliko unavyotarajia. Tena kuna ncha kali karibu na hezi 10,000. Rekodi zako nyingi zimetoka kwenye kanda, na mchakarisho wa kanda unakaa huko huko. Usiinunue.

Kelele za feni uliyoniuliza: hakuna hata moja itakayoizima yote. Kuziba kwa kawaida, kusiko na saketi ya kufuta kelele, hufanya kazi vizuri kuanzia hezi 1,000 kwenda juu. Sauti za watu barazani zitapungua sana. Mngurumo wa feni na wa jenereta ya jirani uko chini ya 200 na utapita.

Unapokwenda kusikiliza, chagua rekodi kwa akili. Zile za Siti binti Saad zilizofanyiwa Bombay mwaka 1928 ni hazina, lakini santuri za wakati ule hazikubeba besi ya chini, na juu kabisa kilichobaki ni mkwaruzo wa sindano. Zitakuonyesha sauti za kati tu. Kwa besi tafuta taarab ya miaka ya karibuni yenye dabalbesi halisi inayodonolewa, usikilize kama noti za chini zina ukubwa sawa au moja inaruka kuliko wenzake. Kwa trebo, herufi "s" na "sh" za mwimbaji wa kike. Zikikuchoma mara tatu katika ubeti mmoja, zitakuchoma kila siku. Na ulinganishe kwa sauti iliyo sawa. Inayolia zaidi kwa desibeli 1 utaiona bora bila kujua sababu.

Mwimbaji akielemea upande mmoja, geuza hedifoni, ya kushoto kulia. Akihamia sikio la pili, kosa liko kwenye hedifoni au kwenye vifaa vilivyo nyuma yake. Akibaki pale pale, ni sikio lako au namna pedi inavyokaa upande huo. Ni bora kulijua hilo dukani.

Watakuambia pia uipigishe saa 100 ndipo "ifunguke". Kinachofunguka zaidi ni pedi: inalainika, inashika umbo la shavu, uvujaji unapungua, na draiva inakaribia sikio kwa milimita kadhaa. Masikio nayo yanazoea. Kama haikupendezi siku ya kwanza kwa sababu ya trebo, usiihesabie miujiza.

Mwisho ni hewa ya huko kwenu Mombasa. Ngozi ya bandia huoza kwa unyevu. Inapasuka na kumwaga vipande vyeusi hata kama hukuitumia. Ngozi halisi, kama ya Stellia, inaota ukungu. Kila ukimaliza, futa pedi kwa kitambaa kikavu, iache nje robo saa ikauke jasho, ndipo uiweke kwenye sanduku lenye pakiti mbili tatu za silika ya kunyonya unyevu. Usiifungie ikiwa na joto la kichwa. Plagi zifute kila mwezi, chumvi ya bahari inazila. Na agiza pedi za akiba za kampuni yenyewe. Pedi za bei nafuu zilizozidi unene kwa milimita 5 zinabadilisha ujazo wa chumba na umbali wa sikio, ukajikuta na hedifoni ambayo hakuna aliyeisifu.

Kwa hali yako, E3 pamoja na amplifaya ndiyo ningechukua, mradi pedi zake zizibe juu ya miwani yako. Kama amplifaya haimo katika mpango, basi Stellia, na trebo uishushe desibeli 2. Pima unene wa mikono ya miwani pale inapopita nyuma ya sikio, uniandikie na modeli ya kidude chako cha USB-C, nikujibu kama inafaa kuagiza mwezi huu au kubadilisha fremu kwanza.

Wasalimie wazee hapo nyumbani.

Shoga yako,
Rukia