Shukrani kwa dada wa koti jekundu

Dada yangu, jina lako sikulishika. Ni ile Mei ya 2022, mchezo wa kuigiza wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, uliporudi jukwaani hapa Nairobi, katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, kwa wiki chache tu. Tiketi ziliisha mimi na mama tukiwa bado kwenye foleni. Ukatoa ile ya rafiki yako ambaye hakuja, ukakataa hata shilingi ya ziada.

Mama akaingia, mimi nikabaki nje. Yeye ni wa Limuru. Mwaka 1977 wanakijiji wenyewe waliuigiza mchezo huo Kamirithu, huko huko Limuru, serikali ikaupiga marufuku, kisha Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake, akawekwa kizuizini. Mama alikuwa msichana mdogo, hakupata kuuona.

Nyimbo zilinifikia hadi uani: ukumbi mzima ukiitikia, vigelegele, makofi yaliyowakatiza waigizaji katikati ya maneno. Alitoka sauti imemkauka, akidai turudi Jumapili! (Anasema ulimshinda kwa vigelegele. Namjua mama, siamini.)

Ukiyasoma haya, nitafute. Tiketi ya mchezo wowote ujao nitakulipia mimi.