YAH: KULETEWA LEZA YA NANOMITA 980 BADALA YA 808

Nyegezi, Mwanza

Kwa Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Tuliagiza kwenu leza ya nanomita 808, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake, kwa ajili ya hadubini yetu ya mng'aro, inayoonyesha chembe zinazong'aa zikimulikwa na leza. Tulipofungua sanduku, kibandiko cha ubavuni kilisomeka 980. Nilimpigia fundi wenu siku hiyohiyo, akanijibu, "Mama, chembe zenu zitang'aa tu." Tukaifunga kwa neno lake hilo.

Kung'aa zinang'aa. Ila sisi tunapima joto ndani ya seli za matamvua ya sato wa vizimba, tena kwa undani unaovuka ule mpaka wa mwanafizikia Abbe wa mwaka 1873, kama nanomita 200, ambao chini yake hadubini za kawaida haziwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu. Tunapandikiza chembe ndogo mno (za nano) zenye metali ya erbiamu, tunatafuta kitovu cha kila doa la mwanga ili tujue chembe ilipo, kisha tunalinganisha kijani chake cha nanomita 525 na kile cha 545. Joto likipanda, cha 525 huongezeka nguvu kikilinganishwa na mwenzake. Chembe yenyewe ndiyo kipimajoto.

Sasa maji hufyonza mwanga wa 980 zaidi ya mara 10 kuliko wa 808, na seli sehemu yake kubwa ni maji. Leza yenu inakipasha moto kile tunachokipima! Nimelihakikisha mwenyewe: niliweka kwenye kisahani maji na chembe tu, bila seli hata moja. Nikaongeza nguvu kidogo kidogo, joto likatoka nyuzi 25 hadi 29. Nikapunguza, likashuka.

Mwanafunzi wetu alikuwa ameshajaza daftari la wiki tatu akiamini ameona mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, zikitoa joto. Nilipomwonyesha kisahani kile alilifunga bila kusema neno. Limeniuma kuliko fedha, ingawa nazo ni za ruzuku na nitaulizwa.

Fundi wenu anashauri tupunguze nguvu. Tumejaribu. Doa linafifia, kitovu hakipatikani kwa uhakika, na hapo hadubini hii haina tofauti na ya kawaida.

Naomba mlete leza ya 808 kwa gharama zenu ndani ya siku 14, na hii mje muichukue. Iko kwenye sanduku lake. Mkishindwa, turudishieni fedha zote. Nimeambatanisha nakala ya oda na picha ya kibandiko.

Wenu,
Msimamizi wa Maabara