Wastoa hawakukataza machozi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu falsafa ya Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, imewachora kama watu wa kukaza uso tu. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya wagonjwa mahututi, na napinga.

Chukua Wastoa wawili: Epictetus alizaliwa mtumwa; Marcus Aurelius alitawala Roma mwaka 161 hadi 180. Hali zao mbingu na ardhi, lakini wote walisisitiza kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwemo. Kwangu hiyo si nadharia. Dawa kwa saa yake, kumgeuza mgonjwa, sauti ninayowajibu nayo ndugu zake: hayo ni yangu. Moyo wake uendelee kupiga au usimame, hapo sina amri. Nikiyachanganya, mkono hutetemeka, na kutafuta mshipa kwa mkono unaotetemeka ni kumtesa mtu bure.

Na machozi? Seneca, Mstoa mwingine, alimwandikia rafiki yake Lucilius, aliyefiwa na rafiki, kwamba macho yasikauke wala yasifurike. (Wanaume wenzangu, mmesikia?) Zoezi la Seneca la kujihoji kila usiku kabla ya kulala makala yenu imelitengea sentensi moja tu. Mimi hulifanya asubuhi, zamu ikiisha. Litengeeni ukurasa mzima.

Muuguzi, msomaji wenu