Baba, ule msalaba msiusugue

Bruxelles

Jambo Baba, jambo Mama, jambo wadogo zangu wote wa Katuba,

Mimi niko mzima, baridi tu ndiyo inanila masikio. Bukari ninapika Jumapili. Sombe ya huku ni ya kugandishwa, Mama, tusiizungumzie.

Baba, siku ile kwenye simu uliuliza: mtu anatokaje Lubumbashi, mji wa mashimo, akaenda Ubelgiji kusomea kuchimba mashimo? Mama alicheka. Wewe hukucheka, nilisikia.

Masomo haya ya akiolojia, kutafuta maisha ya watu wa kale ardhini, ni miaka mitatu, na kuchimba kwenyewe ni kidogo mno. Mwaka wa kwanza nimechora vigae vya vyungu hadi macho yakaniuma. Mwalimu alinirudishia mchoro mmoja mara tatu. Kiangazi ndipo tulipopelekwa shambani, wiki mbili za kupiga magoti na mwiko kama wa mwashi. Wewe mgodini ulikuwa unautupa udongo ili uifikie shaba. Sisi tunausoma huo udongo, tabaka kwa tabaka, na kila kitu kinaandikwa kilikuwa kwenye kina gani, kimelala na nini.

Halafu darasani, picha ikatokea ukutani: Sanga, pale ziwa Kisale. Kwetu kabisa! Mwanaakiolojia Jacques Nenquin alichimba makaburi ya kale huko mwaka 1957, na Pierre de Maret akaendelea miaka ya 1970. Ndani ya makaburi kulikuwa na misalaba ya shaba. Ya awali ni mikubwa. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo na kulingana, ndiyo maana wataalamu wanasema iligeuka kuwa makuta, pesa za kununulia. Nilitaka kusimama niwaambie wenzangu kwamba msalaba kama huo uko sebuleni kwetu, juu ya redio. Nikanyamaza, kwa sababu mwalimu angeuliza umetoka kaburi gani, karibu na chungu gani, nami sijui. Makaburi ya Sanga yalisema kwa sababu kila msalaba ulikutwa mahali pake. Wetu umekaa tu ukutani, bubu.

Kuhusu kazi sitakudanganya, si nyingi. Huku barabara au jengo likitaka kujengwa, mara nyingi wanaakiolojia hutangulia, na baadhi ya migodi kwetu pia huwaita kabla ya kufungua shimo. Ndipo ninapolenga. Pengine siku moja nitakuja kumsimamisha mwenye tingatinga, ucheke mwenyewe.

Sasa ombi langu. Mama, kila Krismasi unausugua ule msalaba kwa ndimu na majivu ung'ae. Tafadhali acha. Ule ukijani ni sehemu ya umri wake. Na Baba, shangazi wa Bukama akija, muulize huyo shangazi ni wapi Bibi aliupata msalaba: mtoni, shambani, au alipewa na nani. Andika maneno yake yalivyo, usiyanyooshe. Hata akisema amesahau, andika kwamba amesahau.

Mtoto wenu,
Ngoie