Iache padi ya gemu ipumzike, mwanangu

Mbeya, Jumapili usiku

Mwanangu,

Alfajiri naondoka na gari na wewe utakuwa umelala. Maneno haya sitaki kuyasema kwa simu nikiwa njiani, ndiyo maana nimeyaandika.

Jana saa saba usiku nilipita mlangoni kwako. Ulikuwa unacheza ile gemu yako ya mpira. Ukafunga goli dakika ya 89, mechi ikaisha umeshinda. Nikasimama nisikie ukishangilia. Uso wako haukubadilika hata kidogo. Ukabonyeza, ukaingia mechi nyingine. Goli lile ndilo lililoninyima usingizi.

Nakukumbuka wewe wa kibanda cha gemu pale sokoni, mechi moja shilingi mia mbili, anayefungwa anatoka. Ulikuwa unarudi sauti imekauka kwa kelele, unamsimulia mama yako ulivyompiga mtu tatu bila, mpaka ugali unapoa. Siku zile nilikugombeza sana kwa ajili ya hela. Leo natamani kuisikia sauti ile.

Asubuhi niliishika padi yako nikaitazama. Raba ya kijiti cha kushoto imelika mpaka plastiki imetokeza, na kwenye dole gumba lako kuna sugu. Mimi sugu zangu nimezipata kwenye usukani, kwa miaka mingi. Nilijiuliza wewe kazi umeianza lini.

Wiki iliyopita, tukisubiri abiria stendi, nilisoma mambo haya kwenye simu. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika tangu Januari 2022, inautaja ugonjwa wa kushindwa kujizuia na gemu: zinatangulia mengine yote, maisha yanaharibika na mtu bado anaendelea, kwa kawaida kwa muda wa kama mwaka mzima. Niliogopa, kisha nikaona huyo si wewe. Unakula nasi, dukani unamsaidia mama yako. Kilichonishtua ni kitu kingine kwenye orodha hiyohiyo: uchovu wa kazi uliopitiliza. Huo hauhesabiwi kuwa ugonjwa, na wanasema ni wa kazini tu. Nguvu zinaisha, moyo unaikimbia kazi yenyewe, na mtu anaona kila akifanyacho hakifai.

Wewe huna mwajiri. Lakini mechi 15 kila wikiendi, zawadi ya kila siku inayopotea usipoingia, na yale uliyomwambia dada yako, "nimeichoka, ila nikiacha nitabaki nyuma", hiyo ni zamu, baba. Tena zamu isiyo na mtu wa kukuambia sasa toka, ukapumzike.

Mimi ninaye. Safari ya Dar tunakwenda madereva wawili. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi niliona aibu kumwachia mwenzangu usukani. Tulipofika Mikumi nikawa naitazama barabara na siioni, macho wazi kabisa. Sikujua tumepita vijiji gani. Nikasimamisha gari mikono inatetemeka. Mwenzangu hakunisema neno. Alinipa maji, akakaa kwenye usukani. Jana usiku, pale mlangoni, niliyaona macho yale kwako.

Hata wanaolipwa kwa kucheza yanawapata. Jian Zihao wa China, anayejulikana kama Uzi, alitangaza kustaafu Juni 2020 akiwa na miaka 23. Alisema msongo, kukesha na kula ovyo vimemletea kisukari. Baadaye alirudi kucheza, na hilo nalo likumbuke.

Padi sitaificha wala sitaiuza. Naomba wiki mbili tu. Zima zile arifa kwenye simu. Zawadi za kila siku ziache zipotee. Siku mbili tatu za mwanzo mikono itawasha na utakuwa mkali kwa kila mtu, nimeshamwambia mama yako asikujibu. Usiku lala. Usijilazimishe kutafuta kitu kingine cha kuwa bingwa, hata kukaa kibarazani bila kufanya lolote ni sawa, na atakayekuita mvivu mwambie aje aongee na mimi. Ukitamani kurudi, anza na binamu zako, mkae bega kwa bega kama zamani, na hayo mashindano ya wikiendi yasubiri kwanza. Ukiona wiki mbili zimepita na hakuna hata kimoja kinachokufurahisha, niambie, twende hospitali wote wawili. Hilo halina aibu kwangu.

Alhamisi alfajiri nashuka tena Dar. Nimeshaongea na kondakta, kiti cha nyuma ya dereva ni chako. Mjomba wako wa Kigamboni anasema vijana wake wanacheza mpira ufukweni kila jioni na wamepungukiwa kipa. Funga begi dogo. Padi iache juu ya kabati, mama yako atakuwa anaipangusa vumbi.

Baba yako